Nimerudi kutoka misheni Ujerumani, na usharika unadai idadi ya waliookoka

Barua

Shikamoo Mama,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwinjilisti, mwanamke, wa usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku migombani Kilimanjaro. Nimerudi hivi karibuni kutoka kusini mwa Ujerumani, karibu na Stuttgart, nilikopelekwa kwa mpango wa makanisa kubadilishana watumishi. Usharika wetu ulijivunia sana jambo hili, maana tumezoea wao ndio wanaokuja. Akina mama waliuza ndizi na maziwa ili nipate nauli, vijana wakaendesha mnada nje ya kanisa kila baada ya ibada, mzee mmoja akatoa mbuzi. Siku ya kuniaga wazee waliniwekea mikono, na mchungaji akahubiri kwamba deni la Injili tuliyoletewa na Wajerumani mwaka 1893 sasa linaanza kulipwa.

Imetengwa Jumapili moja mwezi ujao nitoe ushuhuda. Kuna mazungumzo ya bango, na maneno yake yameshapendekezwa: "Aliyeirudisha Injili Ulaya." Mchungaji aliniita ofisini akaniuliza wangapi waliokoka. Nikamjibu sijui. Akasema, "Hujui, au hakuna?" Nikanyamaza. Akaniambia nikafikiri vizuri, nikumbuke hata wale niliowaombea tu, kwa sababu watu wamechanga na hawawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Mzee wa kanisa aliyekuwepo akacheka, akasema mchuzi haujawahi kuharibiwa na chumvi kidogo.

Mama, ukweli ni kwamba sikuhubiri sana. Hapa nyumbani nikishika kipaza sauti watu huinuka vitini. Kule nilisimama kwenye duka la mikate nikashindwa kuomba mkate. Kijerumani nilichojifunza darasani kilinitoka chote, foleni nyuma yangu ikakaa kimya kwa adabu, na adabu ile ilinichoma kuliko kama wangenizomea. Miezi ya mwanzo nilikuwa kama mtoto: naletwa, napelekwa, naonyeshwa kitasa cha mlango. Kwa kuwa mimbari sikuiweza, nilipangiwa kutembelea wazee. Kule mtu akitimiza miaka 80, usharika humtuma mtu kwenda kumsalimia siku yake ya kuzaliwa, na kuna makao ya wazee ambayo mchungaji huyazungukia. Nikawa mtu wa kazi hiyo.

Bibi mmoja pale makaoni macho yalikuwa yameisha. Aliniomba nije asubuhi nimsomee Losungen, kile kitabu kidogo cha mistari ya Biblia ya kila siku ambacho Wamoravian wa Herrnhut wanakichapisha tangu mwaka 1731. Mistari mingi aliijua kwa kichwa. Nilikuwa nasoma, yeye ananisahihisha, narudia, ananisahihisha tena, na siku nyingine muda wote ulikwisha kwenye mstari mmoja. Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria nitakapoweza lugha. Ilipoanza kukaa vizuri mdomoni, alikuwa amelala na hasemi. Nilimshika mkono mpaka alipokwenda. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio wao husoma majina ya waumini wote waliofariki mwaka ule, kila jina na mshumaa wake. Bibi hakuwa na mtoto. Mimi ndiye niliyeitwa kuuwasha mshumaa wake.

Kuna jambo jingine. Pale Stuttgart, Leonhardskirche, tangu mwaka 1995 kanisa hugeuzwa mahali pa kulia chakula kwa wiki kadhaa za baridi. Wanaita Vesperkirche. Maskini, walevi, wasio na makazi, wazee wenye upweke, wote hukaa mezani ndani ya kanisa wakala chakula cha moto. Nilikwenda kusaidia kugawa. Siku ya kwanza, kabla sijapewa aproni, nilikaa pembeni nipumzike. Mwanamume mmoja mwenye mifuko yake yote miguuni aliniangalia, akakata mkate wake nusu akausogeza mbele yangu, akaniuliza kama nimepata pa kulala usiku ule. Mama, nilikula. Halafu nilikwenda chooni nikalia. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaokoa watu kama yeye.

Tunda ninaloweza kulitaja ni moja, nalo sina uhakika nalo. Jirani yetu mmoja alikuwa amejitoa kanisani rasmi, kwa karatasi. Siku moja nikamweleza kwamba matarumbeta yetu ya usharikani yana asili ya kwao, akacheka, na baadaye akaanza tena kwenda kupiga tarumbeta kwenye bendi ya kanisa. Watu walisema ni kwa sababu yangu. Yeye mwenyewe hakusema hivyo, wala hajajiandikisha upya. Je, huyu nimhesabu?

Na la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Kule kwenye ibada za jioni huwa wanakaa kimya dakika nyingi. Mara ya kwanza nilidhani wamesahau zamu ya kuomba ni ya nani. Baadaye nikazoea, kisha nikawa siwezi bila kimya kile. Sasa nimerudi, kwenye kikundi cha maombi cha Jumatano wote wanaomba kwa sauti kwa pamoja kama nilivyokuwa nikiwaongoza zamani, na mimi kinywa hakifunguki. Dada mmoja ameniambia waziwazi, "Ulaya imekupoza." Mama yangu mzazi naye ameanza kuniombea kwa jina, mbele za watu.

Naomba unisaidie mambo matatu. Jumapili hiyo niseme nini? Je, ni kweli nimepoa? Na kule wameniomba nirudi kwa mkataba mwingine, wanataka jibu. Moyo unataka, lakini sijui kama ni wito au ninakimbia maswali haya.

Mwinjilisti, Kilimanjaro

Jibu

Marahaba mwanangu, na jina la Bwana lisifiwe.

Nianze na mpiga tarumbeta, kwa sababu ndiye rahisi. Usimhesabu. Unachokijua ni kwamba mtu huyo alijitoa kanisani kwa karatasi na sasa anapiga tarumbeta kwenye ibada. Liseme hivyo hivyo, litawachekesha watu na litawapa la kufikiri. Kilichomo moyoni mwake hukukiona. Tena angekuwa ni wewe, ukasikia kwamba kuna kanisa mahali fulani duniani limepiga vigelegele kwa ajili ya wokovu wako bila wewe kuwa na habari, ungejisikiaje?

Mchungaji wako simwoni kuwa mtu mbaya. Nimekaa nyumba za wachungaji maisha yangu yote na najua ofisi ile inavyobana. Nyuma yake kuna kamati, kuna mzee aliyetoa mbuzi, kuna Mkuu wa Jimbo atakayeuliza mpango huu una faida gani. Anaulizwa yeye, naye anakuuliza wewe. Ila maswali mawili yamechanganywa hapo, na ni kazi yako kuyatenganisha. La kwanza ni la fedha, na hilo wana haki nalo kabisa. Kaa chini uandike karatasi moja: nilipewa kiasi gani, nauli ilikuwa kiasi gani, kilichobaki kilikwenda wapi. Mpe mhazini kabla ya Jumapili hiyo, na yeye ndiye aisome, sio wewe. Fedha ikishahesabiwa kwa fedha, hakuna atakayehitaji roho za watu ziwe risiti.

La pili ni hilo la "wangapi". Hapo nina neno na mahubiri ya siku ulipoagwa. Deni la Injili! Ni kweli Paulo anawaambia Warumi kwamba anawiwa na Wayunani na wasio Wayunani, wenye hekima na wasio na hekima. Wahubiri wetu hupenda mstari huo, ni Warumi 1:14. Lakini rudi nyuma mistari miwili tu. Paulo anasema anatamani kuwaona awape karama ya rohoni, halafu ni kama anajirekebisha: yaani, tufarijiane, mimi na ninyi, kila mmoja kwa imani ya mwenzake. Na kumbuka kanisa la Roma hakulianzisha yeye. Alikuwa anakwenda kwa watu waliokuwa Wakristo kabla hajafika, kama ulivyokwenda wewe. Mtume mkubwa vile, anatangaza kabla ya safari kwamba na yeye anakwenda kupokea. Tulipokutuma ukalipe deni, tulikuwa tumeshakuharibia ripoti kabla hujapanda ndege, kwa sababu mwenye kulipa deni anatakiwa kurudi na stakabadhi, na aliyekwenda kufarijiana anarudi na habari za watu. (Na ukitaka kuwatania wazee, waambie waliokuja Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na Misheni ya Leipzig, mashariki ya Ujerumani. Stuttgart iko upande mwingine kabisa. Hata kama deni lingekuwepo, umelipa mlango usio wenyewe.)

Lakini kutoka Stuttgart kuna mtu aliyekuja mapema zaidi, naye ndiye ningependa uende naye ofisini kwa mchungaji. Nimefundisha historia ya kanisa chuo cha Biblia miaka mingi, vumilia nikueleze kwa urefu kidogo.

Johannes Rebmann alizaliwa mwaka 1820 Gerlingen, mwendo mfupi tu kutoka Stuttgart. Huenda umepita hapo. Alifika Mombasa mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf, mtu wa jimbo lake hilo hilo, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mke wake Rosine na mtoto wao mchanga, miezi michache tu tangu wafike pwani. Wakafungua kituo Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann akauona mlima wetu. Aliandika alichokiona, kwamba kileleni kuna theluji, na wataalamu wa jiografia kule London, bwana Cooley akiwa mbele yao, wakamdharau: theluji karibu na ikweta? Hakubadilisha maneno yake ili yakubalike. Mwaka 1849 alifika tena Machame, na Mangi Mamkinga, mtawala wa huko, akamnyang'anya bidhaa zake zote. Uchagani hakurudi tena. Krapf akaondoka kwenda Ulaya. Rebmann akabaki Rabai, akazika mtoto, na mwaka 1866 akamzika mke wake Emma. Macho yakaanza kumfa. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa amekaa miaka 29 bila kurudi kwao hata mara moja, karibu kipofu, akisindikizwa hadi Ulaya na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mwaka uliofuata alifia Korntal, jirani na kijiji alichozaliwa.

Sasa mwulize mchungaji: kama Gerlingen wangemwekea bango, wangeandika nini? Waliobatizwa Rabai wakati wake walikuwa wachache mno. Tunda la kwanza la kituo lilikuwa Mringe, mlemavu maskini, naye alibatizwa akiwa kitandani anakufa. Kwa hesabu ya "wangapi" Rebmann alikuwa hasara tupu.

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Kila nikisikia habari za Rebmann zikihubiriwa, mhubiri humalizia kwa kusema: lakini tazama leo, Walutheri wa Tanzania ni mamilioni! Shangwe zinapigwa. Mimi hubaki nimekaa. Huko ni kurudi kwenye hesabu ile ile, tofauti ni kwamba tumesogeza tarehe ya mavuno. Kama mbegu isingeota kabisa, je, Rebmann angekuwa amepoteza maisha yake? Usikubali utetezi wa namna hiyo hata ukitolewa kwa upendo. Kuna atakayekwambia, "Usijali, utaona, miaka hamsini ijayo Ujerumani itawaka moto kwa sababu yako." Mshukuru, lakini usiyaweke maneno hayo kwenye ushuhuda.

Nikikaa na maisha ya Rebmann, kinachonishika zaidi ni Salimini. Huyu alikuwa mtumwa, ametekwa huko ambako leo ni Malawi, akafikishwa pwani. Kuanzia mwaka 1853 Rebmann alikaa naye, akawa anajifunza kwake lugha ya Kinyanja, neno baada ya neno. Mmisionari wa Kizungu, katika karne ile, anakaa chini na mtumwa anamwambia: nifundishe. Kamusi ilitoka mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kuzikwa, na nchi yenyewe ya Wanyanja hakuwahi kuikanyaga. Unasema bibi yako alikuwa anakusahihisha mstari mmoja asubuhi nzima. Nilipofika hapo kwenye barua yako niliacha kusoma nikaenda kuchemsha chai, ndipo nikaendelea.

Mwanangu, ulikuwa mnenaji. Mungu akakupeleka mahali ambapo huwezi kunena, akakukabidhi kwa mzee asiyeona, na kazi yako ikawa kumsomea Neno la Mungu vibaya mbele ya mtu anayelijua kuliko wewe. Hukufikia kumhubiria, lakini yeye alikuwa anasikia Neno kila asubuhi, na aliyelileta ulikuwa wewe. Sielewi kwa nini hilo unaliandika kama mtu anayeungama.

Yesu aliwahi kupokea ripoti ya misheni. Luka 10: wale sabini wamerudi kwa furaha, wana habari kubwa kuliko bango lolote, hata pepo wanawatii. Hakuwakatalia. Aliwaambia wasifurahie hilo, wafurahi kwamba majina yao yameandikwa mbinguni. Wewe umewasha mshumaa kwa jina la bibi asiye na mtoto, katika kanisa la ugenini. Una la kusema Jumapili hiyo.

Kabla hujalisema, kuna onyo. Unaposimama hapo mbele, watu watakuwa wanasubiri useme kwamba Ulaya imekufa kiroho. Ni hadithi tunayoipenda, inatufanya tujione wazima. Usiwape. Ukweli una sehemu zake za uchungu na uzitaje: mwaka 2023 peke yake watu wapatao 380,000 walijitoa katika makanisa ya kiinjili ya Ujerumani, na tangu mwaka 2022 waumini wa makanisa makubwa mawili, la kiinjili na Katoliki, wakijumlishwa hawafiki nusu ya wananchi. Lakini waeleze pia kwamba kule mwanachama hukatwa kodi ya kanisa, ambayo katika jimbo ulilokaa ni asilimia 8 ya kodi yake ya mapato, kwa hiyo wako watu wengi wasioonekana ibadani ambao mwezi hadi mwezi wanalipia wauguzi, chekechea, makao ya wazee, na huenda hata posho yako. Mimi siwezi kukwambia imani ya mtu wa namna hiyo inaitwaje. Najua ya kwetu ya kujaza kanisa na kumwachia jirani mgonjwa ndugu zake wahangaike naye inaitwaje. Na mtu mwenye mifuko, aliyekugawia mkate, mweleze kama alivyokuwa, bila kumfanya malaika na bila kumfanya mfano wa mahubiri. Alidhani huna pa kulala, akaona akusaidie.

Kuhusu kupoa. Soma tena 1 Samweli 1. Hana anaomba, midomo inatikisika, sauti haisikiki, na Eli, kuhani mzima, anadhani mama wa watu amelewa. Eli hakuwa mjinga, ila alikuwa hajazoea maombi ya namna ile. Dada yako wa Jumatano naye hajazoea. Hana alijibu kwa heshima: hapana, bwana wangu, mimi ni mwanamke mwenye huzuni rohoni. Hakumfokea Eli kwamba hajui kuomba.

Hapo ndipo ninapokuogopea. Nimewaona waliorudi kutoka nje, wanakaa kwenye ibada zetu wamekunja uso, kila wimbo ni kelele, kila maombi ni vurugu. Hao nao wamepoa, kwa namna yao. Kimya ulichojifunza Ujerumani ni zawadi, lakini na wale wanaolia kwa sauti Jumatano, wengine wana watoto walioshindikana na waume walevi. Mahali pengine pa kupazia sauti hawana. Endelea kwenda. Kaa katikati yao. Siku kinywa kisipofunguka, waache wao waombe na wewe uwemo humo ndani.

Ila nikuulize, na hili ujijibu mwenyewe bila kuniandikia: ndani ya kimya hicho unamkumbuka nani? Kama majina yanakuja, ya makaoni, ya mkeshani, ya mama yako, basi unaomba. Kama hakuna jina, umekaa tu na uchovu unakufunika, huenda ni majonzi ambayo hayajapata pa kutokea. Ulifiwa kule, mwanangu, na huku hakuna aliyekupa pole, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba bibi yule alikuwa wako. Mweleze mama yako habari zake kwa kirefu. Nadhani atabadilisha namna anavyokuombea.

Sasa mambo ya utekelezaji. Bango lisipigwe chapa. Nenda kwa mchungaji wiki hii, uende na mzee wa kanisa mnayeelewana (huyo wa chumvi mwache), na umwambie kwa heshima maneno yenyewe utakayoyasema: kwamba hukuona watu wakiokoka kwa idadi, kwamba ulitembelea wazee, ulihudumu mezani, ulijifunza kuomba kwa namna nyingine, na ungependa kuwaeleza waliokuchangia ulichokipokea. Usimfanyie ghafla mbele ya kanisa. Hilo lingekuwa kumwaibisha, na hatalisahau. Mpe nafasi ya kukataa faraghani. Akikubali, omba dakika 15, usizidishe, na uchague watu wawili tu wa kuwasimulia. Akisema bado anataka idadi, mwambie basi akupangie siku ya kusimulia katika umoja wa wanawake. Akina mama waliouza ndizi ndio walikutuma, na wao hawatahitaji bango.

Kama baada ya hapo mtu atauliza, "Basi tufanye nini?", uwe na jibu la kazi. Katika jumuiya zenu kuna wazee wasioona ambao hawajasomewa Biblia tangu macho yao yalipoisha. Sakramenti wanaletewa nyumbani kwa nadra, na maneno mengine wanayasikia redioni. Anza na mmoja, wewe mwenyewe, kabla hujawaalika wengine. Watakaotaka kukufuata watakufuata.

Zawadi na chokoleti hukuuliza, lakini najua zinakusumbua. Umegawa ulichokuwa nacho, basi. Anayelalamika mwambie suti keisi ina kilo zake.

Mkataba. Usijibu ndiyo kabla ya Jumapili hiyo kupita. Ukiondoka sasa, hadithi yako itabaki mikononi mwa wenye bango, na ukifika kule utakuwa unahesabu kimyakimya ili safari hii usirudi mikono mitupu. Ikishapita, kaa miezi kadhaa huku, fanya uinjilisti wako wa kawaida, uone kama hamu inabaki hata pale unapokuwa na amani na watu wa nyumbani. Ikibaki, nenda, na uende bila kulipa deni lolote. Lakini waliokuomba usiwaache wakisubiri: waandikie leo kwamba unahitaji muda, utaje na tarehe utakayotoa jibu, kwa maana wewe umekaa nao na unajua wanavyopenda tarehe.